Sikujitolea, Nilitolewa

Neno "kujitolea" lina kasoro moja: linadhani mhusika alikuwapo uamuzi ulipofanyika. Mimi sikuwapo. Nilikuwa ndani ya Hiace iliyotoka Singida mjini, nimebanwa kati ya ndoo ya dagaa na mama aliyepakata jogoo aliyekosa mnunuzi mnadani, naelekea Ilongero kwa dada yangu kufuata madumu mawili ya mafuta ya alizeti. Juni ndiyo wakati wake. Alizeti imeshavunwa, mashine za kukamua zinaunguruma kutwa, na sisi ndugu wa Dar es Salaam tunakumbuka ghafla kwamba tuna dada.

"Umekuja wakati mzuri," dada alisema hata sijaweka begi chini. "Kesho unasaidia kambini."

"Kambi gani tena?"

"Ya watoto, pale shuleni. Nimeshakuandikisha."

Nikaanza kueleza kuhusu mgongo wangu. Dada akanisikiliza kwa utulivu, kisha akasema mafuta yatakuwa tayari kesho jioni, wala si kabla ya hapo. Mgongo ukapona palepale.

Karatasi ya ratiba ilisema "Kambi ya Kiangazi", na mimi, mtu wa pwani, nikavaa fulana ya mikono mifupi. Kosa ni langu. Kwa watu wa Singida kiangazi maana yake ni kwamba mvua imekoma tangu Aprili na haitarudi mpaka Novemba. Kuhusu joto hakuna aliyeahidi chochote. Mkoa uko juu, mita kama 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Juni upepo unavuma asubuhi mpaka ng'ombe wanasimama wameupa mgongo. Watoto walikuja na masweta. Mlezi mkuu wa kambi, mwalimu mstaafu, alikuja na koti na kofia ya sufu. Alinitazama mikono, akanihurumia kimyamimya, akanikabidhi filimbi.

Watoto walikuwa 48 na wote wana adabu. Naisema adabu hiyo kwa masikitiko. Kama wangeniamkia kwa pamoja ningeitikia mara moja yakaisha, lakini walipangwa foleni, na kila mmoja akaja na shikamoo yake mwenyewe, mpya kabisa, akasubiri jibu lake. Nilipofika marahaba ya ishirini na kitu koo lilikuwa limekauka. Ya thelathini na kitu ulimi uliteleza, nikamwambia mtoto wa darasa la pili, "Shikamoo." Akaitikia "Marahaba" bila kusita, akapita zake.

Miongoni mwao walikuwamo wapwa zangu wawili, walioniita mjomba kwa haki. Hadi uji unanyweka, nilikuwa mjomba wa kambi nzima. Wenye wapwa mnajua uzito wa cheo hicho: mjomba haombwi, anadaiwa. "Mjomba, nifungie kamba ya kiatu." "Mjomba, huyu kanimwagia uji." "Mjomba, kwani kitambi hicho kinaumaga?"

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusimamisha turubai la kivuli pale pa kulia. Miti minne, kamba ya katani, turubai la buluu. Nikawaambia watoto wakae pembeni waone kazi ya watu wazima. Nilifunga kona tatu kwa fundo ambalo mpaka leo sijui jina lake, na nadhani halina. Nilipoishika kona ya nne, upepo uliokuwa umetulia kwa hila ukaingia chini ya turubai, likajaa kama tanga la jahazi, mafundo yangu matatu yakafunguka moja baada ya jingine kwa heshima, na mimi, niliyekuwa nimejizungushia kamba mkononi ili isiniponyoke, nikaanza safari. Nilivuka bustani ya mchicha ya shule kwa miguu. Matuta mawili ya mwisho niliyavuka kwa tumbo. Miaka nenda rudi tunasikia habari za mipango ya kufua umeme kwa upepo wa Singida. Wakihitaji shahidi, nipo.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba watoto hawakucheka. Mvulana wa darasa la tano alinifuata mchichani, akainama, akasema, "Naomba kamba, mjomba," kwa sauti anayotumia mtu kumwomba mgonjwa kikombe. Akafunga fundo linalofungiwa ndama, na wenzake wakaviringisha mawe kukandamiza kingo. Turubai lilikuwa limesimama kabla sijamaliza kutoa vumbi machoni.

Mlezi mkuu akaona afadhali nifundishe. Bahati mbaya nilishamtajia kwamba niliwahi kuwa skauti. Sikumwambia kwamba ilikuwa wiki tatu, na kwamba niliingia kwa ajili ya skafu. Basi nikaketi chini ya mti na kundi la watoto kumi na wawili, nikawapa habari za Baden-Powell: kwamba mwaka 1907 alichukua wavulana 20 hivi akaenda kupiga nao kambi kwenye kisiwa cha Brownsea, Uingereza, na huko ndiko uskauti ulikoanzia. Moyoni nilikuwa napiga hesabu. Ishirini! Na yule alikuwa jenerali.

Nikawachorea mavumbini alama za njia. Mshale, pita huku. Msalaba, usipite huku. Duara lenye nukta katikati, nimekwenda nyumbani. Kwa kujionyesha nikaongeza kwamba mzee huyo alifariki mwaka 1941 na kuzikwa hapo Nyeri, Kenya, na alama hiyo ya mwisho ndiyo iliyochongwa kwenye kaburi lake.

Binti wa darasa la sita, aliyekuwa na daftari mapajani, akanyoosha mkono. "Mjomba, kwao si Uingereza? Mbona ameandika amekwenda nyumbani na yuko Nyeri?"

"Nyumbani hapo ni kule... tunakokwenda sote."

"Kwa hiyo ni alama ya mtu aliyekufa?"

"Ndiyo," nikasema, maana kengele ilikuwa karibu. "Ni ya mtu aliyelala na haamki tena."

Akaandika.

Baada ya hapo nikapewa kazi ambayo mlezi mkuu aliamini haina madhara: kuhesabu watoto kila saa. Saa nne walikuwa 48. Saa tano walikuwa 47. Nikapiga filimbi, nikazunguka vyoo, nikachungulia kisimani huku moyo unadunda, kisha nikagundua sikumhesabu yule aliyenishika mkono muda wote huo akinisaidia kutafuta. Saa sita walikuwa 53. Nikarudia: 54. Saa sita na nusu, mama mpishi alipofunua sufuria ya wali na mvuke ukaelekea kijijini pamoja na upepo, nilihesabu watoto 61.

Nilikwenda jikoni nimekunja uso. Mama mpishi alikuwa anakoroga maharage, moshi wa mafiga unampitia usoni wala hapepesi macho.

"Wako wangapi?" akauliza.

"Sitini na mmoja. Mama, hawa watoto wanaongezeka."

Akachukua jagi, akamimina maji kwenye maharage bila hata kugeuka. "Ni wali huo, unaita. Kesho ni ugali na mlenda. Njoo uhesabu, utawapata arobaini na nane wako, hakuna hata wa bahati mbaya."

Sahani zilitosha. Sijui zilitoshaje, kwa sababu sado za mchele nilizipima mwenyewe asubuhi na hesabu yangu ilikuwa ya watoto 48 na walezi watano. Yangu mimi ilikuwa na ukoko, nao ulikuwa mtamu. Yule binti mwenye daftari akaja kunieleza, kwa upole wa mtu anayemrekebisha mkubwa, kwamba yeye hahesabu vichwa, anaandika majina, na vichwa vya wageni havina majina kwenye daftari. Akanionyesha: 1 mpaka 48, kwa mwandiko uliolala vizuri kwenye mistari, kila jina na vema yake. Chini kabisa ameongeza: 49. Mjomba.

Alasiri wasichana walicheza rede. Waliniingiza katikati nijaze mchanga kwenye chupa, nikapigwa mpira wa soksi mara mbili kabla sijainama, na tukakubaliana kwamba mgongo wangu haufai kwa rede. Tukahamia kombolela. Hapo nilikuwa na uhakika. Katika maisha yangu yote hakuna mchezo nilioucheza vizuri kama kombolela, kwa kuwa unahitaji kipaji kimoja tu, kutoonekana, na mimi ofisini nimekifanyia mazoezi miaka kumi na minne.

Nyuma ya uwanja kuna yale majabali ya Singida, makubwa kama nyumba, yamepandiana utadhani mtu aliyapanga akaitwa akala chakula asirudi. Nikapenya katikati ya mawili. Upepo haufiki humo, na jua la mchana lilikuwa limelipasha jiwe likawa na uvuguvugu wa godoro lililotoka kulaliwa. Nikajisemea nitaegemea kidogo, mpaka yule anayetafuta apite, kisha nitoke mbio nikawakomboe wote. Nilimsikia anahesabu hamsini. Thelathini na saba naikumbuka vizuri.

Nilipofumbua macho, kivuli cha jabali kilikuwa kimefika mbali na uwanja ulikuwa kimya. Mguu mmoja umekufa ganzi. Mjusi wa kichwa chekundu alikuwa ananitazama huku anapiga pushapu. Mchangani, kuanzia kwenye uwazi wa majabali mpaka niliposimamia visigino, kulikuwa na mishale iliyopangwa kwa vijiti, imenyooka, kila hatua tatu mshale. Kazi safi kabisa. Nikajisikia fahari ya mwalimu. Kisha nikageuka kuokota kofia, na pale pale kilipokuwa kichwa changu nikakuta duara la vijiwe, na katikati yake kijiwe kimoja cheupe.

Nilichechemea mpaka shuleni. Watoto walikuwa wameketi chini ya turubai la fundo la ndama, vikombe vitupu mbele yao, wanaimba. Waliponiona, wa nyuma walinyamaza kwanza, kisha wa mbele. Binti wa darasa la sita alifungua daftari lake. Mbele ya jina la 49, mahali pa vema, palikuwa na duara dogo lenye nukta.

"Mjomba, kumbe umeamka?"

"Nimeamka, mwanangu. Nifutie hiyo."

Akalitazama daftari, akanitazama mimi. "Haifutiki, mjomba. Nilitumia kalamu ya wino." Akafikiri kidogo. "Na andazi lako tumeshagawana."