Pamba ya Wakubwa

Wakubwa wa dunia wana huruma, tusiwasingizie. Mwaka 2003, Benin, Burkina Faso, Chad na Mali zililiomba Shirika la Biashara Duniani hivi: matajiri waache kuwamwagia ruzuku wakulima wao wa pamba, maana bei inaporomoka na mkulima wa Sikasso hana wa kumfidia. Kule Cancún, kwenye mkutano wa shirika hilo, rasimu ikajibu kwa adabu zote: nchi zinazotegemea pamba zisaidiwe kutafuta shughuli nyingine. Yaani anayekanyagwa ndiye ahamishe mguu!

Brazil haikubembeleza, iliishtaki Marekani kwenye shirika hilohilo, ikashinda. Marekani ikafuta ruzuku zote? Thubutu! Mwaka 2010 ilikubali kuchangia mfuko wa wakulima wa pamba wa Brazil dola milioni 147.3 kwa mwaka, ili iendelee kuwalipa wa kwake bila bughudha. (Mlipa kodi wa Marekani akajikuta analea mashamba ya mabara mawili.) Mwaka 2014 ikatoa milioni 300 nyingine, kesi ikafungwa.

Na wale wanne wa Afrika? Hao hawakushtaki, walikuja na hoja. Mkutano wa shirika hilo wa Nairobi wa 2015 uliamua ruzuku za kuuza nje ziondolewe. Zile za ndani, zinazouma hasa, bado zinajadiliwa.