Shangazi wa Dadu: Mnara Unao, Ada Analipa Nani?

Barua za safari hii zimetoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, na mjini Lilongwe, nchini Malawi, na karibu zote zinalia kilio kimoja. Kuna michezo ya kuigiza mezani ambamo msimulizi mmoja huunda dunia, wenzake huvaa wahusika, na dadu huamua nani amefaulu na nani ameangukia pua. Tangu Dungeons & Dragons ilipotoka Marekani mwaka 1974, wasimulizi wamejenga mahandaki, misitu na falme. Sasa kila mmoja anataka shule ya uchawi. Shangazi, ambaye hajawahi kumroga mtu na hana huruma kwa mchezaji anayechelewa, amevaa miwani na kuanza kufungua bahasha.

*“Shikamoo Shangazi. Shule yangu ni kasri la mawe lenye minara saba, bundi wa kupeleka barua, na theluji kila Desemba. Wachezaji wangu ni vijana wa Uvira na Bujumbura, nao wanapiga miayo tu. Mmoja ameuliza kwa nini hakuna anayewafukuza hao bundi. Nisaidie.”*
*Aliyechoka, Dzaleka*

Marahaba, mwanangu. Kuhusu theluji Shangazi hana ugomvi, maana Rwenzori ipo mpakani mwa Kongo na Uganda, kilele chake cha Margherita kina mita 5,109, na barafu yake iko karibu kabisa na mstari wa ikweta. J. K. Rowling mwenyewe, mtunzi wa Harry Potter, alipotangaza shule za uchawi za mabara mengine mwaka 2016, ile ya Afrika, Uagadou, aliiweka kwenye milima hiyohiyo. Wasomaji wengi walinung'unika kwamba bara zima limepewa shule moja, na walikuwa na haki. Hata hivyo alifanya uamuzi mmoja ambao msimulizi wa Dzaleka anapaswa kuuiga: wanafunzi wa Uagadou hutumia mikono yao badala ya fimbo. Sheria ndogo kama hiyo hubadilisha kila pambano na kila adhabu, kwa sababu mwanafunzi hawezi kunyang'anywa silaha bila kufungwa mikono.

Kinachowachosha vijana wa Uvira si mawe ya kasri. Ni kwamba hakuna anayejua nani anayalipia.

Mfano ulio karibu zaidi uko Kasungu, wilaya jirani na Dowa. Mwaka 1981 Rais Hastings Kamuzu Banda alifungua Kamuzu Academy huko Mtunthama, karibu na mti wa kachere ambako inaelezwa alipata masomo yake ya kwanza. Kilatini na Kigiriki vilikuwa masomo ya lazima na walimu waliletwa kutoka ng'ambo, katika nchi ambayo watoto wengi walikuwa wakiandika mchangani. Msimulizi angeitunga shule hiyo angeambiwa ametia chumvi. Katika miaka ya utawala huohuo, Dzaleka ilikuwa gereza, na wapinzani wa Banda walifungwa humo. Banda alishindwa uchaguzi mwaka 1994, na mwaka huohuo Dzaleka ikafunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi. Shule ya ndoto na gereza chini ya mkono mmoja: Aliyechoka ana kampeni nzima hapo kabla hajachora hata mnara mmoja.

Shangazi anamwagiza aweke kalamu ya kuchorea pembeni na ajibu maswali manne. Nani anaruhusiwa kuingia? Nani analipa? Mtu anafukuzwa kwa kosa gani? Na cheti kinafungua mlango upi? Swali la nne ndilo lenye utamu zaidi, na Dzaleka inalijua kuliko shule ya Harry Potter kule Scotland. Tangu mwaka 2010 Wajesuiti wameendesha masomo ya juu kambini kwa njia ya mtandao, na wapo waliopata diploma ya Chuo Kikuu cha Regis cha Denver bila kutoka Dowa. Lakini Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 iliweka pingamizi kwenye vifungu kadhaa, kikiwemo cha 17 kuhusu kazi ya mshahara na cha 26 kuhusu uhuru wa kutembea. Karatasi inavuka Atlantiki, mwenye karatasi anakwama getini. Mpe mhusika wako shahada ya kuita radi na umnyime kibali cha kuitumia, kisha uone kama kuna atakayepiga miayo.

*“Shangazi mpendwa, nafanya kazi City Centre, hapa Lilongwe. Mji wetu hauna hata gofu moja la kale. Shule ya siri nitaificha wapi kati ya benki na wizara?”*
*Karani wa Mchana, Mchawi wa Jioni*

Karani amekalia hazina na analalamika njaa. Lilongwe ilichukua nafasi ya Zomba kama makao makuu mwaka 1975, na mitaa yake hutambulishwa kwa namba: Area hii, Area ile. Namba hizo hazifuatani ardhini, na mgeni anayezihesabu kwa mpangilio hupotea kabla ya chakula cha mchana. Kwa msimulizi hiyo ni bahati, kwani inatosha kuchagua namba ambayo haipo kwenye ramani yoyote na kuamua kwamba daladala moja tu, saa moja tu ya siku, hupita hapo.

Zaidi ya hayo, kati ya Old Town na City Centre kuna msitu wa hifadhi kando ya mto Lingadzi, na fisi wa Lilongwe hutembea usiku mpaka mitaani wakitafuta mabaki. Katika masimulizi mengi ya ukanda huu fisi ni mnyama wa wachawi. Shangazi anapendekeza fisi wawe wafanyakazi wa usiku wa shule, wenye chama chao na madai yao ya posho. Mwalimu mkuu naye awe mtu wa kupanda Capital Hill, kilima cha wizara, kila Jumatatu kufuatilia faili la ruzuku ambalo limelala kwa afisa aliye likizoni. Hofu ya shetani hupita, ila hofu ya faili kupotea kila mtu mzima Lilongwe ameionja.

Kama baadhi ya wachezaji wa Karani ni wa Dzaleka, umbali wa kama kilomita 45, asiufanye usafiri kuwa jambo la kupita tu. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, na wengi waliacha maduka waliyoyajenga kwa miaka. Ndani ya mchezo, anayeruka kwa ungo bado ataulizwa kibali akitua.

*“Bonjour Shangazi. Shule yangu ina nyumba nne, na prefe, mkuu wa shule, anawavalisha wanafunzi wapya kofia inayosema. Wenzangu wananiita mwizi wa Harry Potter. Mimi ni mtu wa Mwenga, sijaiba hata embe.”*
*Msingiziwa*

Shangazi amecheka mpaka miwani ikadondoka. Mtu wa Mwenga, Kivu Kusini, anavuka bahari kuazima vyeo! Balega wa huko wana Bwami, chama ambacho kwa vizazi kilifundisha maadili kwa ngazi. Daniel Biebuyck, aliyekitafiti kwa miaka, aliorodhesha ngazi kuu za wanaume: kongabulumbu, kansilembo, ngandu, yananio, na juu kabisa kindi. Anayepanda huonyeshwa vitu, kama vile kinyago kidogo cha mbao, sanamu ya pembe ya ndovu, gamba la mnyama au unyoya, na kila kitu kina methali yake, ngoma yake na maelezo yake. Hakuna anayepanda peke yake, kwani lazima ukoo uchange mali na ndugu wasimame nyuma yake. Wanawake nao wana ngazi zao, zinazofungamana na za waume zao. Wakoloni wa Kibelgiji waliona nguvu ya chama hicho wakakipiga marufuku mwaka 1948.

Sasa Msingiziwa akihamishie chama hicho mezani. Mhusika hapandi darasa kwa alama za dadu pekee. Alete kitu alichokipata safarini, akieleze kwa methali ambayo meza nzima itaikubali, na ataje ndugu watatu waliomchangia minervali, yaani ada ya shule. Akishindwa baadaye, hao watatu ndio watakaokuja kumuuliza. Maktaba aikope kwa Waluba, ambao chama chao cha Mbudye kilihifadhi historia ya wafalme kwenye lukasa, ubao wa mkononi wenye shanga na simbi, unaosomwa kwa kupitisha kidole. Kitabu cha uganga kinachosomwa gizani kwa vidole kinampa mwizi wa maktaba kazi ya kweli.

Na kama bado anataka makundi, atazame Strixhaven, shule iliyotolewa kwa ajili ya Dungeons & Dragons mwaka 2021. Ina vyuo vitano, na kila chuo kina wakuu wawili wenye misimamo inayopingana. Ugomvi uko ndani ya chuo chenyewe, wala hausubiri mechi ya mwisho wa mwaka. Shangazi anaongeza onyo moja: akope muundo wa Bwami, asijifanye anajua siri zake.

*“Shangazi, vitabu vya mchezo ni ghali na dadu zenye pande ishirini hapa sijaziona. Tucheze na nini?”*
*Mfuko Mtupu, Dzaleka*

Sheria za msingi za Dungeons & Dragons zilitolewa Januari 2023 kwa leseni huria. Yeyote anaruhusiwa kuzitafsiri kwa Kiswahili na hata kuziuza, mradi ataje chanzo. Dadu ya pande ishirini ni vikaratasi ishirini vyenye namba ndani ya kofia, na kila kilichochotwa kirudishwe.

Njia rahisi zaidi ni dadu mbili za kawaida. Apocalypse World, mchezo wa mwaka 2010, ulieneza utaratibu huu: jumla ya 10 au zaidi, umefaulu, 7 hadi 9, umefaulu lakini unalipa gharama, 6 au chini, msimulizi anaamua balaa. Kati ya njia 36 za dadu mbili kuangukia, 6 ni za ushindi kamili, 15 za ushindi wenye gharama na 15 za balaa. Kwa shule uwiano huo ni mtamu. Mara nyingi mwanafunzi atafungua kufuli la jiko kwa neno moja, lakini kengele ya bweni italia.

*“Shangazi, jirani amesikia watoto wangu wakitaja masomo ya uchawi. Sasa anasema nyumba yangu inafundisha wana kuruka usiku. Naogopa.”*
*Mama wa Watatu*

Hapa Shangazi ameweka mzaha kando. Malawi ina Sheria ya Uchawi ya tangu mwaka 1911, na ni kosa kumwita mtu mchawi. Nchini Kongo, sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 inaadhibu anayemsingizia mtoto uchawi. Mama huyu ana sheria upande wake, lakini sheria hufika baada ya mawe. Mwaka 2017 uvumi wa wanyonya damu ulipoenea Mulanje na Phalombe, watu waliuawa na makundi yenye hasira, na Umoja wa Mataifa ukaondoa wafanyakazi wake kwa muda.

Kwa hiyo amwite jirani mchana, amkalishe mezani, ampe dadu na mhusika. Aliyecheza mara moja ataona ni ngano zenye hesabu. Watoto wasitumie jina la mtu yeyote wa mtaani kwa mhusika mwovu, hata kwa utani. Mchezo uchezwe mlango ukiwa wazi, na shule iitwe ya uganga au ya hekima. Na kwa kuwa Dowa ni nchi ya Wachewa, vinyago vya Gule Wamkulu visiguswe. UNESCO iliitangaza ngoma hiyo kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005, lakini kinachofundishwa dambwe, mahali pa siri pa ngoma hiyo, ni cha walioingizwa humo.

*“Mchezaji wangu bora, mganga wa daraja la nne, amepata nafasi ya kwenda Kanada kusoma. Anaondoka na kampeni iko katikati. Nimuue?”*
*Msimulizi Mwenye Wivu*

Asimuue. Shirika la WUSC limekuwa likiwapeleka vijana wakimbizi vyuo vikuu vya Kanada tangu mwaka 1978, na Malawi ni moja ya nchi wanakotoka, kwa hiyo kila msimulizi wa Dzaleka ajiandae. Amfanye mhusika huyo mtahini wa nje. Kila muhula atume swali moja la mtihani kwa ujumbe wa sauti, gumu kupita kiasi, na waliobaki wamlaani kwa upendo.

Majibu mafupi. Kwa anayeuliza kama mwalimu mkuu anaweza kuwa mfu: anaweza, ila mshahara uende kwa familia. Kwa mwenye wachezaji kumi na wawili: gawa zamu ya asubuhi na ya mchana, kama shule nyingine zote. Na kwa yule wa Area 25 anayeuliza kama joka linaweza kulala bwenini: linaweza, likija na godoro lake, ndoo na risiti ya benki.