Wati 1200 za Gerezani

Gari la mtumba likishuka bandarini kutoka Japani, redio yake huwa bado iko kwao. Kule masafa ya FM yaliishia 90 kwa miaka mingi, kwa hiyo Clouds ya 88.5 utaipata bila shida, lakini EFM ya 93.7 utaisikia kwenye bajaji ya jirani, foleni ikisimama. Wenye subira hufunga kile kidude cha kushusha masafa. Wasio nayo hung'oa redio nzima, na hapo ndipo nyaya zinapoanza kukatwa.

IST yangu ni namba C. Yaani imepita mikono, na kila mkono ulikuwa na fundi wake wa redio. Ukifungua dashibodi unakutana na ukoo mzima: tepu nyeusi juu ya tepu nyeusi, waya uliosokotwa kwa vidole, mwingine umefungwa kwa kipande cha mfuko wa karanga. Spika za milango ya mbele zilishakufa kifo cha Dar. Joto na unyevu vilikula ukingo wa sponji, mtangazaji wa mpira akawa anatangaza kutoka ndani ya pipa.

Nikaenda Kariakoo, upande wa Gerezani. Winga akanidaka hata sijazima injini. Winga hana duka, kwa hiyo ana maduka yote. Mwanzo nilikuwa "bosi". Nilipouliza bei nikawa "mzee wangu". Niliposema hela haitoshi nikashuka hadi "bro", na nilipogeuka kuondoka nikapandishwa cheo tena: "Baba, usiende basi!"

Akaleta spika za inchi sita na nusu. Boksi limeandikwa wati 1200, kwa herufi zinazowaka moto. Sasa, fyuzi ya redio ya kawaida ya gari ni ya ampea 10 au 15. Zidisha 15 kwa volti 12 za betri, unapata 180. Kwa maana hiyo, hata redio ingenyonya umeme wote ambao fyuzi inauruhusu, wati elfu moja na ushee zilizobaki ingebidi nikaziombe TANESCO. Nikamweleza winga hesabu hiyo. Akanisikiliza kwa heshima zote, akasema:

"Hizo ni wati za China, mzee. Zenyewe ni ndogo ndogo."

Fundi alikuja na bisbisi moja na meno. Meno ndiyo ya kumenyea waya. Akavua ubao wa mlango kwa mvuto mmoja, klipu zikaruka, moja ikaenda kuishi chini ya gari la mtu mwingine. Kisha akafika kwenye rangi za nyaya.

Redio nyingi za dukani zina utaratibu wake. Nyeupe ni spika ya mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia, na waya wenye mstari mweusi ndio hasi. Njano inatoka betri, nyekundu inatoka kwenye swichi, nyeusi ni bodi. Ukishakariri hayo, unakutana na Toyota, ambao kiwandani kwao waya mweusi ni chanya ya spika ya nyuma kushoto, na wa njano ndio hasi yake. Kijana aliyefundishwa kwamba nyeusi ni bodi ataupeleka kwenye bodi kwa roho safi kabisa, halafu ashangae harufu inatoka wapi. Kwangu hata hilo halikusaidia, maana fundi wa zamani alirefusha nyaya zote kwa waya mmoja mwekundu aliokuwa nao siku hiyo.

Baraza likakusanyika: boda wawili, muuza kahawa, machinga wa rimoti na chaja. Kundi moja likashikilia kwamba lazima itafutwe plasi. La pili likasema spika ni spika, haina plasi, mbona ikiunganishwa vyovyote inalia? Fundi alikuwa kundi la pili. Akaunga, akawasha. Sauti ikatoka, nyembamba na kali, ya kuchoma masikio. Besi hakuna.

"Zinahitaji kuzoea," winga akasema.

Hazikuhitaji kuzoea. Koni ya kushoto ilikuwa inasukuma hewa wakati ya kulia inaivuta, na besi ikafia katikati, mahali nilipoketi. Aliyeokoa jahazi ni yule machinga. Alichomoa betri ya volti moja na nusu kwenye rimoti ya kuuza, akaigusisha kwenye nyaya za spika kwa sekunde moja. Koni ikitoka nje, waya ulio upande wa chanya ya betri ndio chanya ya spika. Ikirudi ndani, geuza. Fundi akaitazama koni ikichezacheza, akatikisa kichwa. "Nilikuwa nataka kufanya hivyo hivyo," akasema, akipokea betri.

Besi ikaja. Ikaja na mlango mzima, maana klipu zilizosalia hazikuweza kuushika ubao. Skrubu zilizobaki nikakabidhiwa ndani ya kizibo cha soda. "Toyota huwa wanazidisha," fundi akanituliza.

Nikabonyeza kioo kishuke nimpe muuza kahawa hela yake. Kikashuka nusu, kikagonga kitu, kikagoma. Sumaku ya spika mpya ilikuwa nene kuliko ya zamani, imekaa kwenye njia ya kioo. Dawa yake inajulikana: ringi ya ubao chini ya spika, isogee nje kidogo. Fundi akachungulia, akafikiri.

"Hiyo ni usalama, mzee. Foleni ya Fire pale, kibaka atapitisha wapi mkono?"

"Kuna wateja wanalipia hiyo," winga akaongeza.

Nikasema nataka ringi.

"Ringi ipo," akajibu winga, tayari anakimbilia duka ambalo si lake, "ila ina bei yake, bosi!"