Barua kutoka Ngome ya Chillon

Kwa Baba Mkubwa, Kibosho.

Juma lililopita nilizuru Chillon, ngome ya kale iliyosimama juu ya jabali ukingoni mwa Ziwa Leman huku Uswisi, ambayo makabaila wa Savoy waliifanya kasri na forodha kwa pamoja, kwa kuwa mahali hapo mlima umelisogelea ziwa hata njia ya kwendea Italia ikabakiwa na upenyo tu, na tajiri apitaye na shehena yake hakuwa na budi kulipa ushuru au kujifunza kuogelea.

Upande wa nchi kavu kuta zina matundu ya kutupia mishale. Upande wa ziwa kuna madirisha ya kupungia upepo, na pia vyoo vya ubao, ambamo mtukufu aliketi kwa heshima zake zote, na yaliyomtoka yakateremka moja kwa moja majini. Mama Mkubwa, atugombezaye kwa kunawa miguu tu mferejini, asisomewe sehemu hii.

Chini gerezani, François Bonivard, mpinzani wa hao wa Savoy, alifungwa minyororo kwenye nguzo hadi 1536, majeshi ya Bern yalipoitwaa ngome. Kwenye nguzo mojawapo limechorwa jina la mshairi Byron, aliyefika 1816, nalo limehifadhiwa kwa kioo. Mimi nilipochora langu juu ya deski la shule nilichapwa, yamkini kwa kuwa sikutanguliza shairi.

Mlinzi mmoja alinionyesha vilele vya Dents du Midi, mita 3,257, akaniuliza kwa upole iwapo nimepata kuona theluji. Nilimjibu kwa taadhima kwamba kwetu mchuma kahawa huinua macho kutoka migombani akaiona ya Kibo, kwenye mita 5,895, wala kuitazama hakutozwi senti.

Lakini sikiliza siri ya kudumu kwa ngome hii: watu wa Bern waliweka humo maliwali wao, waliokaa hata 1733, na kwa vile liwali hapendi kuvujiwa, paa halikukosa fundi. Ndipo nikalikumbuka boma la mawe la Mangi Sina wetu wa Kibosho, alilolishambulia Mdachi Wissmann Februari 1891 akisaidiwa na watu wa Mangi Rindi (jirani zetu hao, nisiseme zaidi), kisha Wadachi wakaenda kujijengea maboma yao kwingine. Laiti wangalimwacha pale japo ofisa mmoja mwenye kuogopa mvua za masika, leo ungalikuwa umeketi langoni na kitabu cha risiti, ukiwatoza Waswisi kiingilio.

Wasalaam,
Mwanao