Gari Yako, Gari Yenu

Hata barua yangu ya kuajiriwa sikuisoma kwa makini kama nilivyoisoma karatasi ya mnada ya ile Toyota IST niliyokuwa nikiinunua. Imeandikwa kwa Kijapani, lugha ambayo mimi najua maneno mawili tu, Toyota na Suzuki. Lakini pembeni pana mchoro wa gari lililopasuliwa na kulazwa kama ng'onda, na juu ya mchoro wamepanda herufi ndogondogo. Binamu yangu, ambaye aliwahi kuagiza magari mawili na tangu hapo ukoo mzima unamwita mtaalamu, ndiye aliyenifundisha kuzisoma. A ni mkwaruzo. U ni kibonyeo. W ni mahali palipokwisha kunyooshwa na kupigwa rangi. X ni kitu kinachotaka kubadilishwa, XX kimeshabadilishwa. Namba inayofuata herufi inakueleza ukubwa: 1 ni kidogo, 3 jikaze. Na ukikuta R mahali pa alama ya jumla, binamu akaniambia, kunja karatasi, shukuru, ondoka zako, maana hilo liligongwa likaungwa mifupa.

Langu lilikuwa na 4. Mlango wa nyuma kushoto, A1. Basi. Yaani kuna Mjapani aliinama, akaona mkwaruzo wa urefu wa ukucha, akauandikia ripoti. Nilimpenda mtu yule kuliko baadhi ya ndugu zangu.

Gari likapakiwa melini, likavuka Bahari ya Hindi, likashushwa Dar es Salaam, likapita ukaguzi wa TBS, likaendeshwa na vijana wa bandarini ambao kila mtu anajua wanavyoendesha, likafika yadi na A1 yake ileile. Kisha likagongwa mita tatu kutoka langoni, mchana kweupe, siku niliyokwenda kumalizia pesa.

Tuelewane kwanza kwenye neno "jipya". Kwetu gari jipya ni lile ambalo halijaonja shimo la Tanzania. Hili lilizaliwa 2008, likamzungusha sokoni bibi mmoja mtulivu wa Osaka kwa miaka kumi na kitu. Ndivyo muuzaji alivyoniambia. Wauzaji wote huwa wamelitoa kwa bibi. Sijui vijana wa Japani wanaendesha nini. Kinacholifanya jipya ni kile kibao cha namba cha njano. Hapa mjini hakuna anayekuuliza gari lako limetengenezwa mwaka gani, wanakuuliza, "Namba gani?" Ukijibu E, unasogezewa kiti. Ukijibu B, unaulizwa kama unaliuza au unalitupa.

Bei ilikuwa milioni 16 na nusu. Nilitoa 10 papo hapo, zilizobaki zikisubiri mkopo wa SACCOS. Nikapewa risiti yenye maneno "IST nyeupe", muhuri uliolala upande, na chini yake sentensi iliyochapwa kwa herufi kubwa kuliko zote: PESA IKISHAPOKELEWA HAIRUDISHWI.

Tangu dakika ile muuzaji akaanza kuliita langu. "Kaka, gari yako tumeiosha." "Kaka, gari yako nimeiwasha asubuhi, injini kimya kabisa, utadhani imezimwa." Alinitumia picha usiku, gari limesimama chini ya taa kama bi harusi. Mwalimu wangu wa Kiswahili angesema ni gari lako, siyo gari yako. Lakini nilikuwa na furaha. Sikumsahihisha.

Nyumbani nako mambo yalishatangulia. Mke wangu alituma picha kwenye kundi la ukoo, hongera zikamiminika, na aliyekuwa akinidai akakumbuka. Shangazi akapanda basi kutoka Muheza na ubani wa kulifukizia gari na kiroba cha machungwa. Siku ya siku akanipa machungwa sita niwapelekee "hao vijana wanaokutunzia gari". Kwa hiyo nilipofika yadi nilikuwa na bahasha ya fedha mfuko wa ndani na mfuko wa machungwa mkononi.

Mtu ambaye hajanunua gari yadi hajui magari yanavyopangwa. Hayaegeshwi, yanasokomezwa. Ukitaka kulitoa moja sharti yasogezwe saba, na mwenye kuyasogeza siku ile alikuwa kijana aliyekuwa akiitwa Dogo na kila mtu, hata na waliokuwa wadogo kwake. Dogo akaitoa Passo. Akaitoa Vitz. Akaingia kwenye Noah, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akarudi nyuma kwa kujiamini.

Gari likigongwa halitoi ile sauti ya sinema. Ni "ko", kama kifuu cha nazi kimekanyagwa. Halafu kimya. Halafu vipande vya taa vikaanza kudondoka kimoja kimoja, bila haraka.

Taa ya kulia kwisha. Bampa limepasuka kwenye kona. Fenda imeingia ndani, na boneti imenyanyuka upande mmoja kama mdomo wa mtu aliyesusa. Noah? Noah ilikuwa na alama ya chaki.

Muuzaji akanigeukia, mkono kifuani. "Kaka, pole sana. Gari yako imeguswa."

Imeguswa! Lakini hata hilo lilinipita. Neno lililonichoma lilikuwa dogo zaidi, lile alilonibembeleza nalo wiki mbili nzima.

"Gari yenu," nikamwambia.

"Kaka, si ulishalipia?"

"Sijamalizia."

"Tulikuwa tunaitoa kwa ajili yako."

"Mimi nimesimama hapa nimeshika machungwa."

Tukabishana hivyo karibu nusu saa, na naapa hatukutaja pesa hata mara moja. Ilikuwa yako, yenu, yako, yenu. Asubuhi ile tungekuwa tayari kupigana kila mtu akisema gari ni lake. Sasa tulikuwa tunalisukumiana kama mtoto aliyechafua nepi. Wakati huohuo cheo changu kilikuwa kinapanda. Kabla ya "ko" nilikuwa kaka. Baada ya robo saa nikawa bosi. Muuzaji alipopokea simu, akasikiliza, akaguna, akarudi akiniita mheshimiwa, nikajua fundi ameshamtajia bei.

Dogo peke yake hakusema ni gari la nani. Alikuwa amechuchumaa mbele ya fenda, anaipapasa kwa kidole gumba kama mtu anayepima homa ya mtoto. Mwenye yadi alitoa kichwa dirishani, akasema maneno manne, "Utakatwa kwenye mshahara wako," akarudisha kichwa. Hapo hasira yangu ikakosa pa kukaa. Nilitaka kulipwa, lakini sikutaka kulipwa na Dogo.

Nikampigia rafiki yangu wakili. Akaniambia sheria ya uuzaji wa bidhaa ipo, Sura ya 214, na kwa kawaida hasara humfuata mwenye mali, isipokuwa kama wahusika walikubaliana vingine. Sasa mali huhama lini? Inategemea mlichokusudia wenyewe. "Mlikubaliana nini?" Nikamsomea risiti: IST nyeupe. Akanyamaza. Kadi ya gari imetoka kwa jina lako? Haijatoka. Umekabidhiwa funguo? Bado. "Una hoja," akasema. Wakili akikuambia una hoja ni sawa na daktari kukuambia tutaona.

Bima ndiyo usiseme. Wakala wangu alikataa kunikatia bima kubwa mpaka gari lipate namba. Yadi wao walikuwa na bima, muuzaji alithibitisha hilo kwa fahari. Bima ya moto. Kwa muda nilimtazama kana kwamba ananishauri jambo.

Kisha likaja pendekezo. Liende Gerezani, kuna fundi wao, siku mbili tu, ananyoosha, anapiga pati, anapiga rangi. "Mheshimiwa, hata wewe mwenyewe hutajua."

Mimi nisijue? Mimi niliyelala wiki sita na karatasi ya mnada chini ya mto? Nilishaliona lile W limekaa kwenye mchoro wangu, tena W3, na yule Mjapani wangu akitikisa kichwa. Halafu kulikuwa na suala la rangi. Nyeupe siyo nyeupe tu. Kwenye kibati cha gari wameandika namba ya rangi: 040 ni ile nyeupe ya kawaida ya Toyota, ambayo fundi yeyote anaichanganya huku anakunywa chai. Yangu ilikuwa 070, nyeupe ya lulu, inayopigwa tabaka juu ya tabaka, nyeupe ya chini, lulu juu yake, kisha ya kung'arisha. Ukikosea tabaka moja unapata gari lenye shavu la maziwa na mwili wa mtindi.

Ndipo binamu alipowasili kwa bodaboda.

Alikuja na sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu na kuifunga kwa kitambaa cha flana. Elimu yake ni rahisi: sumaku inang'ang'ania bati, pati haiijui. Akaipitisha kwenye IST yangu, samahani, yao, inchi kwa inchi, ikashika kila mahali. "Ya bibi kweli," akasema. Kisha, kwa kuwa mkono ulishachangamka, akasogea kwenye gari la pili. Na la tatu. Wateja wengine wawili waliokuwa wakichungulia bei wakaanza kumfuata. Alipofika kwenye Harrier nyeusi iliyoandikwa "safi sana", sumaku ikateleza mlangoni ikaanguka chini, pwa. Akaiokota, akajaribu tena kwa adabu. Pwa. "Hapa," akawatangazia wanafunzi wake, "pana ugali."

Sijapata kuona mazungumzo yakiharakishwa namna ile. Muuzaji, ambaye tangu asubuhi alikuwa hana mamlaka, akayapata yote kwa mkupuo. Mheshimiwa ingia ofisini, na mtaalamu naye aje, aje na kifaa chake, soda gani? Tukaandika karatasi ya pili, hii ndefu kuliko risiti. Milioni moja na laki mbili zinapunguzwa kwenye salio. Taa inanunuliwa na yadi. Matengenezo nafanya mwenyewe kwa fundi ninayemtaka. Na Dogo hakatwi kitu. Hili niling'ang'ania liandikwe, mwenye yadi akatia sahihi huku akinitazama kama mtu aliyeombwa kumlipia ada mtoto wa jirani.

Kilichobaki kilikwenda vizuri kuliko nilivyostahili. Fenda ya mbele haijachomelewa, imefungwa kwa bolti, kwa hiyo hakuna sababu ya kuipiga nyundo ikiwa unaweza kuipata nyingine. Fundi wangu alizunguka Ilala siku nne akarudi na fenda ya IST nyingine iliyokuja kutoka Japani vipande vipande, nyeupe ya lulu, ina mkwaruzo mmoja tu. Nikaukubali kwa moyo mkunjufu. A1. Bampa likapatikana, boneti ikashuka ikaacha kususa.

Ila siku hizo zote nyumbani nilikuwa nasema kadi imechelewa. Siku ya kwanza waliniamini. Siku ya tatu machungwa ya Shangazi yakaanza kulainika. Siku ya tano mke wangu akauliza, kwa sauti ya kawaida mno, kama gari limeegeshwa "kwa mtu". Siku ya saba nikaona nyumba ndogo ambayo sina imeshakamilika, imepauliwa na ina uzio. Nikasema ukweli. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Nadhani sehemu kubwa ya kicheko ilikuwa nafuu.

Gari lilipoingia uani, Shangazi alilizunguka mara tatu na ubani wake. Hakuona fenda. Hakuona bampa. Akasimama mbele, akakunja uso. Taa ya kulia ilikuwa imetakata, ya kushoto imeshapigwa na miaka mingi ya jua, ina umanjano wa chai ya maziwa. "Baba," akaniuliza, "mbona hili linakonyeza?"

Imepita kama miezi saba. Juzi nilikuwa nimesimama kwenye mataa ya Mwenge, bodaboda ikajipenyeza kushoto kwangu, ikazunguka mbele, ikatokea upande wa dereva. Mwendeshaji akavua kofia ngumu. Dogo. Aliacha yadi kwa hiari yake, alisema, kule magari yamebanana mno. Akainama kidogo, akapitisha kidole gumba juu ya fenda, pale pale, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mzee," akasema, "gari yetu inaendeleaje?"

Taa zikawaka kijani, wa nyuma wakaanza kupiga honi. Sikumsahihisha.