Sifa za Msindikizaji

Waja wamewasifu simba na masultani, wala hakuna aliyepata kumsifu khadimu mmoja ambaye udogo wake haumpunguzii taadhima. Nami, kwa kuwa naona uaminifu wake unawapita makarani na mawakili wengi, nimenuia kumtolea haki yake.

Khadimu huyo ni protini, wataalamu humwita HpaB, na makazi yake ni ndani ya bakteria wa ukoo wa Xanthomonas, ukoo ule ule uliotuletea mnyauko wa migomba, maradhi yaliyoelezwa kwanza Ethiopia mwaka 1968, yakadhihiri Uganda mwaka 2001, yakaingia mkoani Kagera mwaka 2006, hata wakulima wa Ngara na Biharamulo wakayajua kwa majani kunyauka, ndizi kuiva kabla ya wakati wake, na usaha wa manjano kutoka penye mkato wa shina.

Bakteria huyo ana mrija mwembamba wa kupenyezea ndani ya seli za mmea silaha zake, nazo ni protini za kuilegeza kinga ya mwenye nyumba. Lakini silaha hazijui njia, na hapo ndipo msindikizaji, mithili ya mpambe wa bwana harusi, huipokea moja baada ya nyingine, huifikisha mlangoni, na huko bawabu aitwaye HrcN akiisha kumtenganisha msindikizaji na silaha, silaha huingia, naye hurudi kuisindikiza nyingine, pasipo ujira wala shukrani. Wataalamu wa Halle, Ujerumani, walibainisha mwaka 2004, kwa bakteria anayeshambulia pilipili, kwamba akiondolewa khadimu huyu maradhi hayatokei.

Basi mkulima wa Biharamulo akimshitaki barazani, atajitetea kwa utulivu kwamba hakuingia shambani kwa mtu, hakugusa jani, hakuonja ndizi: alisindikiza tu, na mlangoni akarudi, hoja ambayo wasindikizaji wa dhuluma, wenye miguu miwili, wameitumia zama zote wakaachiliwa.

Ili tumtukuze ipasavyo, na tukate ua dume kwa kijiti chenye panda mara chane la mwisho likiisha kutokea, wadudu wanaobeba maradhi wasipate pa kutua. Tupitishe panga motoni kabla ya kugusa mgomba wa pili. Na shina lililougua tulikate mapema: hapo uaminifu wake utabaki kamili, ila safari ndiyo itakayokosekana.