Bihambwe Yaomba Kuandikishwa Miongoni mwa Wafadhili

Kwa Waheshimiwa Waratibu wa Misaada ya Kibinadamu wanaohusika na Masisi na Walikale,

Yah: Ombi la kutambuliwa rasmi

Barua hii inawasilisha kwa unyenyekevu ombi la Bihambwe, iliyoko nchini Kongo kwenye njia itokayo Sake kwenda Masisi-kati, kuingizwa katika orodha ya wafadhili. Mfadhili ni yule atoaye kitu cha thamani bila kulipwa, na wakaaji wa Bihambwe, wenyeji pamoja na wahami wa vita, yaani watu waliokimbia makwao bila kuvuka mpaka wa nchi, hutoa majibu kila wanapoulizwa na wadodosaji wa misaada. Majibu hayo huondoka kama koltani ya Rubaya hapo jirani, machimbo yanayokadiriwa kutoa takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia: hutoka yakiwa ghafi, husafishwa mbali, na yakirudi hurudi ndani ya simu ya mdodosaji anayekuja kuuliza upya.

Ushirikishwaji, yaani kumpa mwananchi nafasi ya kutaja mahitaji yake na kuamua sura ya huduma, umeahidiwa zaidi ya mara moja. Uliahidiwa katika mkutano wa afya wa Alma-Ata mwaka 1978, na kutokana na fikra hiyo kila eneo la afya nchini Kongo linapaswa kuwa na CODESA, kamati ya wawakilishi wa wananchi. Ukaahidiwa tena katika mkutano wa Istanbul wa Mei 2016, ambako wafadhili na mashirika makubwa walitangaza mapinduzi ya ushirikishwaji na kukubaliana kwamba kufikia mwaka 2020 asilimia 25 ya fedha za misaada ziwafikie watendaji wa nchini kwa njia fupi iwezekanavyo. Mwaka 2020 ulifika kwa wakati. Fedha zingali njiani.

Kinachofika Bihambwe badala yake ni dodoso. La chakula, kwa mfano, huuliza kaya ilikula nini katika siku 7 zilizopita, aina kwa aina, na hesabu hiyo huzaa alama ya ulaji, kipimo kinachotenganisha kaya inayokula vibaya na inayojiweza. Ni kipimo cha maana, wala hakistahili dhihaka. Inayostahili dhihaka ni hali ya mama anayejibu maharagwe siku 4 na maziwa siku 0, katika Masisi hiyohiyo inayoilisha Goma jibini, ambaye akitaka kuongeza kwamba shida yake ya kwanza ni usalama wa kufika shambani, huelezwa kwa adabu kuwa swali hilo limo katika dodoso la shirika jingine. Kisha huweka dole gumba kwenye orodha ya mahudhurio, na dole hilo ndilo huhesabiwa kuwa jamii imeshirikishwa. Wakaaji nao si wajinga. Wanaelewa kwamba aliyeleta bidoni anataka kusikia habari za maji, na aliyeleta shitingi anataka kusikia habari za paa. Basi kwa kuhofia kukosa jetoni, ile karatasi inayomruhusu mtu kupanga foleni ya kupokea, kila mgeni hupewa hitaji lililokwisha kununuliwa. Ndiyo maana tathmini haikosei kamwe: ghala huuliza, na ghala hujijibu.

Ikumbukwe pia kwamba Masisi haikupiga kura mnamo Desemba 2023 kwa sababu ya vita, hivyo dodoso limekuwa kura ya pekee iliyomfikia mkaaji wa Bihambwe, tena kura inayompendeza kila mgombea, kwa maana haidai kutangazwa matokeo. Na Marekani ilipokata misaada yake mwaka 2025, ni dodoso lipi lililouliza Bihambwe huduma ipi itangulie kufungwa?

Ikishakuwa mfadhili, Bihambwe itadai haki za kawaida za wafadhili: taarifa ya matumizi kila robo mwaka, na ziara za ukaguzi mjini Geneva, ambako wajumbe wake watawauliza wenye ofisi walikula nini katika siku 7 zilizopita.

Wakati ombi hilo lingali linashughulikiwa, Waheshimiwa wanaombwa jambo moja dogo: mdodosaji ajaye asifungue simu yake kabla ya kuwasomea watu hadharani, kwa Kiswahili, majibu aliyopewa mwenzake aliyemtangulia na uamuzi uliotokana nayo.